Risasi fupi, kishindo kikubwa: Mwindaji achague ipi?

TUSEME, msomaji mpenzi, kwamba binamu yako aliyekwenda kusomea Montana, huko Marekani, amekupigia simu usiku kukupa habari usiyoitarajia. Wenyeji wake wamemwalika kupanda nao mlimani msimu wa vuli kuwinda elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu mwenye pembe kama matawi ya mti mkavu, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 300. Ameingia dukani kutazama bunduki, na muuzaji amempangia mezani risasi sita zinazofanana kama mapacha, kila moja na jina lake la nambari na herufi. Sasa anakuuliza wewe, maadamu kwenu ndiko kwenye simba na nyati, achukue ipi.

Ungemjibu nini?

Wengi wetu tungecheka tu. Hapa Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ikakaza uzi huo huo. Mzazi mwenye watoto shuleni leo hajapata kuona leseni ya kuwinda, na nyati anamjua kwa kumwona kupitia dirisha la basi katika Mbuga ya Nairobi. Hata hivyo, si kweli kwamba habari hizi hazituhusu. Zile risasi zilizo mezani mwa muuzaji wa Montana zina babu yao, na babu huyo alitembea sana katika nyika zetu. Isitoshe, hoja inayobishaniwa juu yake ni ya fizikia ya kawaida, ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata bila shida. Na anayelipa gharama ya jibu lisilo sahihi si mnunuzi peke yake. Ni mnyama anayekwenda kufia kichakani baada ya siku tatu, na pengine mtu anayetumwa kumfuata.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kile tunachokiita risasi kina viungo vinne. Mbele kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Nyuma yake kuna ganda la shaba nyeupe au ya manjano, na ndani ya ganda kuna baruti. Kwenye kitako cha ganda kuna fataki, kile kidude kidogo kinachopigwa na sindano ya bunduki kikatoa cheche. Baruti huwaka, gesi hufura, na kichwa husukumwa kupitia mtutu. Nambari kama .300 hutaja upana wa mtutu kwa sehemu za inchi, ingawa ukikipima kichwa chenyewe cha .300 utakuta ni .308, yaani milimita 7.8. Watengenezaji hupenda jina linalotamkika vizuri kuliko lililo sahihi.

Nalo neno magnamu lilikopwa kutoka kwa zile chupa kubwa za mvinyo. Maana yake ni kwamba ganda limebeba baruti nyingi kuliko kawaida ya mtutu wa upana ule.

Kwa miaka mingi kubeba baruti nyingi kulimaanisha kurefusha ganda. Mwaka 1912 kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375, risasi ambayo hadi leo inaheshimiwa kote Afrika. Ganda lake lina urefu wa zaidi ya milimita 72. Baruti ya siku hizo iliitwa kodaiti, nayo ilifanana na tambi: vijiti virefu vilivyolala sambamba. Kwa hivyo ganda refu lililochongoka taratibu lilifaa. Mwaka 1925 kampuni hiyo hiyo ikatoa .300 yake kwa kufuata umbo hilo.

Tatizo la ganda refu ni kwamba linataka bunduki ndefu. Komeo la bunduki, lile linalovutwa nyuma kutoa ganda tupu na kusukumwa mbele kuingiza risasi mpya, halina budi kusafiri urefu wote wa risasi. Chuma kinaongezeka, uzito unaongezeka. Kwa mtu aliyepigiwa hema penye barabara hilo si neno. Kwa mtu anayepanda mlima tangu alfajiri, huku theluji ikimfika magotini, kila gramu ni deni.

Ndiyo maana Wamarekani walijiuliza: je, nguvu ya ganda refu haiwezi kutiwa katika ganda fupi? Kampuni ya Remington ilijaribu mwaka 1965 kwa risasi iliyoitwa .350 Remington Magnum, ikaitia katika bunduki ndogo ya Model 600 yenye mtutu wa sentimita 47 hivi. Mwaka uliofuata ikaongeza ya 6.5. Wazo lilikuwa zuri. Lakini bunduki hiyo nyepesi ilipiga teke kama punda na kelele yake haikuwa na mfano. Wanunuzi waliitazama, wakatikisa kichwa, wakarudi kwa risasi zao za zamani.

Umbo la sufuria

Jibu lilitoka mahali ambapo wawindaji hawakuwa wakitazama. Katika miaka ya sabini Wamarekani wawili, daktari wa upasuaji Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell, walikuwa wakitafuta risasi ya mashindano ya kulenga shabaha. Walichukua ganda la Kirusi lililotokana na risasi ya AK-47, wakalipanua mabega na kulifanya fupi na nene. Risasi yao, iliyojulikana kama PPC, iliwashangaza washindani kwa kupachika matundu karibu mahali pamoja. Yaani ukoo wa risasi ile ile iliyoletea Afrika vilio vingi ndio uliowapa walenga shabaha wa Marekani vikombe.

Kwa nini ganda nene lifanye vizuri? Maelezo yanayotolewa ni haya. Fataki iko nyuma. Baruti ikiwa imepangwa kama mshumaa, cheche inafikia kwanza sehemu ndogo ya nyuma, na ile ya mbele huweza kusukumwa mtutuni ikiwa bado haijawaka sawasawa. Baruti ikiwa imekaa kama ugali ndani ya sufuria pana, cheche inaifikia sehemu kubwa kwa mara moja. Kila mpishi anajua kwamba makaa yaliyotandazwa hushika moto upesi kuliko yaliyorundikwa ndani ya bomba. Faida yenyewe kwa bunduki ya kuwindia si kubwa kama matangazo yalivyodai, na nitaieleza hapa chini, lakini si uzushi.

Mwaka 2001 kampuni ya Winchester ilitoa .300 WSM. Ganda lake lina urefu wa milimita 53 tu, karibu sawa na lile la .308 ya kawaida ya mwaka 1952, lakini ni nene kama kidole gumba cha seremala. Ili kupata unene huo wahandisi walirudi kwa ganda la zamani la Kiingereza, .404 Jeffery, wakalifupisha na kulikaba shingo.

Hapo ndipo penye babu niliyemtaja. Bunduki ya .404 ilikuwa ndiyo mkate wa kila siku wa idara za wanyamapori katika makoloni ya Uingereza Afrika Mashariki. Askari wa wanyama aliyetumwa kumwondoa ndovu mvamizi katika shamba la mahindi mara nyingi alikwenda na .404 begani. Mjukuu wake sasa anauzwa Montana katika pakiti ya risasi 20.

Ndugu zake hawakukawia kufuata. Kulikuwa na .270 WSM na 7mm WSM, na mwaka 2005 ikaja .325 WSM. Remington nayo haikukubali kuachwa nyuma, ikaleta jozi yake fupi zaidi kidogo, .300 na 7mm, ikiziita SAUM. Kampuni ya Ruger ikishirikiana na Hornady ikaongeza .300 RCM na .338 RCM mwishoni mwa muongo huo. Winchester ilifikia hadi kutoa kifupi cha kifupi, WSSM, mwaka 2003. Hicho nakiruka, kwani soko lenyewe lilikiruka.

Hesabu mezani

Sasa chukua kalamu. Nishati ya kitu kinachokwenda ni nusu ya uzito wake mara kasi yake mara kasi yake tena. Kichwa cha gramu 11.7 kikitoka katika .30-06, risasi ya mwaka 1906 ambayo babu na wajukuu wa Marekani wameitumia, huenda kwa mita 823 kwa sekunde hivi. Piga hesabu, utapata karibu jouli 3,950. Kichwa kile kile kikitoka katika .300 WSM huenda kwa mita 905 kwa sekunde, na nishati yake hufika karibu jouli 4,780. Kasi imeongezeka kwa sehemu moja ya kumi, nishati kwa moja ya tano. Hiyo ndiyo kazi ya kuzidisha kasi mara mbili, na mwalimu wako wa fizikia hakukudanganya.

Ile .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963, iliyo ndefu zaidi kwa milimita 13, hutoa kichwa hicho kwa kasi ile ile, kwa kubeba baruti zaidi kidogo. Kwa hiyo dai la kwanza la risasi fupi ni la kweli: zinafanya kazi ya risasi ndefu ndani ya bunduki fupi.

Lakini mnyama hasomi jouli. Ukirekebisha darubini ya bunduki ili ipige katikati penye mita 180 hivi, kisha ukampiga elki aliye mita 275, kichwa cha .30-06 kitakuwa kimeshuka kuliko cha .300 WSM kwa sentimita chache tu, kama upana wa vidole vitatu. Sehemu ya moyo na mapafu ya elki ni kubwa kama sinia. Mtu anayeweza kutofautisha vidole vitatu kwenye sinia lililo umbali huo, huku akihema kwa kupanda mlima na vidole vikiwa vimeganda, ni mlengaji hodari sana. Wengine wote wananunua faida ambayo hawataiona.

Watakachokiona, tena bila kukosa, ni teke. Gramu 11.7 kwa mita 905 kwa sekunde ni msukumo usiotoweka hewani. Kwa sheria ya Newton, bunduki lazima irudi nyuma kwa msukumo ule ule. Bunduki ya kilo 4 itarudi kwa mita 2.6 kwa sekunde. Ukiipunguza hadi kilo 3.2, kwa kuwa ulitaka bunduki nyepesi, itarudi kwa mita 3.3. Na hapo hatujahesabu gesi ya baruti, ambayo nayo inasukuma. Basi ile sifa ya bunduki fupi, yaani wepesi, ndiyo inayomwadhibu mwenyewe begani. Mtu akishapigwa mara kumi huanza kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio. Akifumba macho, vile vidole vitatu vinakuwa kitu cha kuchekesha, kwa maana sasa anakosa kwa dhiraa nzima.

Kuna kasoro nyingine ambayo muuzaji hataitaja mpaka aulizwe. Risasi nene hujaza magazini haraka. Palipokaa nne au tano nyembamba, nene hukaa tatu, wakati mwingine mbili. Tena, kitu kifupi chenye mabega mapana hakiteremki kwenye chemba kwa ulaini kama kile kirefu kilichochongoka. Bunduki nyingi za siku hizi huzilisha vizuri, lakini mnunuzi aombe aruhusiwe kuvuta komeo mara kadhaa kwa risasi za bandia kabla hajatoa pesa.

Msalaba wa .458

Ikiwa unadhani hizi ni lawama za watu wa kale, nakuomba usikilize kilichotokea barani mwetu, kwa maana ufupi ulishapimwa huku miaka mingi kabla ya 2001.

Mwaka 1956 Winchester ilitoa .458 Winchester Magnum, bunduki ikapewa jina la African. Nia ilikuwa kuzirithi zile bunduki kubwa za Kiingereza za mitutu miwili, ambazo zilikuwa ghali na risasi zake zikaanza kuadimika. Ili bunduki iwe rahisi kutengenezwa, ganda lilifupishwa hadi milimita 63.5, lipate kuingia katika bunduki ya urefu wa .30-06. Kichwa kilikuwa cha gramu 32, na kampuni ilitangaza kasi ya karibu mita 650 kwa sekunde. Kwa karatasi hiyo, ndovu na nyati walikuwa wamepata mwenzao, tena kwa bei nafuu. Wawindaji wa kulipwa na walinzi wa mbuga waliinunua kwa wingi.

Kisha yakaanza manung'uniko. Ganda lilikuwa halina nafasi ya kutosha, hivyo baruti ilishindiliwa kwa nguvu chini ya kile kichwa kirefu. Risasi iliyokaa muda mrefu ilikuwa na baruti iliyogandamana kama sukari iliyopata unyevu. Baruti iliyogandamana haiwaki sawasawa. Mtu alivuta kifyatulio akitarajia mshindo wa radi, na kichwa kikatoka kivivu, kikaishia kati ya ngozi na mfupa. Mbele yake alikuwa nyati.

Mwandishi wa Kimarekani Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959. Alipopona alikwenda kutafuta dawa ya ugonjwa huo, na mwaka 1971 akaitoa: .458 Lott, ganda la milimita 71. Kichwa ni kile kile, upana ni ule ule. Alichoongeza ni urefu tu, ili baruti ipate pa kupumua. Hornady ilianza kuiuza madukani mwaka 2002, yaani wakati ule ule ambapo Marekani nzima ilikuwa ikishangilia risasi fupi. Winchester nayo ilirekebisha baruti zake, na .458 ya leo si ile ya miaka ya hamsini. Lakini jina likishachafuka huchukua muda kusafika.

Nitasema neno moja hapa kando. Vitabu vya zama hizo vimejaa majina ya wazungu walionusurika na nyati waliojeruhiwa. Mtu aliyetangulia mbele yao akisoma nyayo, mwenye rungu au bila chochote, aghalabu hana jina ndani ya vitabu hivyo. Risasi ikizembea, yeye ndiye aliyekutana na pembe kwanza. Kwa hiyo mazungumzo ya milimita na baruti yasichukuliwe kuwa ya matajiri peke yao.

Ni kwa sababu ya matukio ya aina hiyo kwamba nchi za Afrika zinazoruhusu uwindaji huweka kima cha chini. Jirani zetu wa Tanzania huwataka wageni wasishuke chini ya .375 kwa nyati na ndovu. Hivyo hakuna hata moja kati ya zile WSM inayoruhusiwa kwa wanyama hao, hata mwenye nayo aapeje. Uwindaji wenyewe upande wa pili wa mpaka ni mjadala mwingine mkali. Ndovu madume waliozoea kuvuka kutoka Amboseli walipouawa huko kwa leseni, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, Wakenya wengi walilia, na mimi sioni walikosea wapi.

Mtu wa Karamoja

Hapana budi atatokea msomaji wa kunikumbusha habari za W.D.M. Bell. Skoti huyu, aliyefariki 1954, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao katika Karamoja ya Uganda na nchi za jirani. Bunduki yake aliyoipenda ilikuwa .275 Rigby, nyembamba ya milimita 7, dhaifu kuliko karibu risasi zote za kuwindia tulizozitaja leo. Je, hilo halibomoi hoja yote ya ukubwa?

Halibomoi. Linaihamisha. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi hasa, akitazamwa kutoka mbele, ubavuni na nyuma. Alitumia vichwa virefu vya chuma kigumu visivyotanuka. Na kwa kuwa bunduki yake haikumpiga teke, hakuwa na sababu ya kufumba macho. Alikuwa pia akiwinda kwa biashara ya pembe, katika enzi ambayo sisi tuliochoma pembe hadharani mwaka 1989 hatutaki irudi. Lakini kwa upande wa elimu ya shabaha hana mpinzani. Waata wa nyika ya Tsavo waliijua elimu hiyo kabla yake: kwa uta mzito ambao kijana wa leo angehangaika kuuvuta, na mshale wenye sumu, walimnyemelea ndovu hadi karibu kabisa wakajua mshale unaingia wapi.

Kuna kisa kingine ninachokipenda zaidi, nacho kinahusu kichwa cha risasi wala si ganda. Mwaka 1946 John Nosler, mtu wa Oregon, alikuwa Kanada akiwinda musi, mnyama mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Alikuwa na .300 ya Holland & Holland, magnamu kamili. Alimpiga musi aliyejaa tope kavu ubavuni, akampiga tena, na yule mnyama akabaki amesimama. Tatizo halikuwa udhaifu. Kasi ilikuwa kubwa mno kwa vichwa laini vya siku zile, vikafumuka juu juu kabla ya kufika ndani. Nosler alirudi karakanani akatengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hutanuka, nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kupenya. Alianza kukiuza mwaka 1948 na hadi leo kinauzwa.

Maana yake kwa mnunuzi wa leo ni hii: kadiri risasi inavyokuwa na kasi, ndivyo kichwa kinavyopaswa kuwa imara. Kuweka kichwa cha bei rahisi katika .300 WSM ni kama kufunga matairi yaliyokwisha kwenye gari la mashindano. Siku hizi kuna vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani. Hivi vina faida nyingine kwa familia: nyama ya elki huliwa nyumbani na watoto, na kichwa cha madini ya risasi kikifumuka huacha vipande vidogo visivyoonekana kwa macho. Jimbo la California limelazimisha vichwa visivyo na madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 2019.

Basi achague ipi?

Ningekuwa mimi ndiye niliyepigiwa simu, ningeanza kwa kuuliza: umeshapiga shabaha mara ngapi? Ikiwa jibu ni kidogo, asahau magnamu zote, fupi na ndefu, achukue .308 au .30-06 na pakiti nyingi za kujifunzia. Elki wengi mno wamelazwa na hizo.

Ikiwa amezoea bunduki na bega lake halilalamiki, .300 WSM ndiyo yenye maana kuliko nduguze. Sababu ya kwanza si jouli. Ni duka. Mtu akipoteza risasi zake katika uwanja wa ndege, ana tumaini la kupata .300 WSM katika mji mdogo wa milimani. Ile .300 SAUM inafanya kazi karibu sawa kabisa, lakini ataitafuta hadi jua lizame. Ndivyo soko lilivyo: haliulizi nani bora, linauliza nani alifika kwanza na nani alijaa kwenye rafu.

Ile .270 WSM, yenye kichwa cha gramu 8.4 kinachokimbia karibu kilomita nzima kwa sekunde, inamfaa mtu wa tambarare anayewinda wanyama wadogo zaidi kwa mbali. Kwa elki inatosha ikipewa kichwa kizito na kigumu. Nayo .325 WSM, yenye kichwa cha gramu 13 na jouli zaidi ya 5,200, ni ya misitu ya Alaska, kwa musi wa kilo 600 na dubu. Naipenda kwa nadharia, lakini risasi zake zimekuwa adimu na ghali, kwa hivyo nisingempa mgeni. Kuhusu 7mm WSM ningemwambia aiache kwa wakusanyaji.

Wala asidanganywe kwamba wazo la ufupi limekufa kwa sababu baadhi ya majina yamefifia. Mwaka 2018 Hornady ilileta 6.5 PRC, iliyotokana na ganda la ile .300 RCM ambayo karibu isahauliwe. Mwaka 2021 Winchester na Browning wakaikata .270 WSM ikawa fupi zaidi, wakaiita 6.8 Western, ipate kubeba vichwa virefu vizito vya gramu 11 hivi. Teke lao ni la kiungwana kuliko la .300, na mtu mwembamba, mwanamke au mwanamume, atazifurahia. Pengine miaka kumi ijayo zitakuwa ndizo za kila duka. Pengine nazo zitakuwa kwenye rafu ya vumbi pamoja na .350 ya 1965.

Akilipa, ajue kwamba asilimia 11 ya thamani ya bunduki na risasi hutozwa kama kodi maalumu chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1937, na fedha hizo hupelekwa majimboni kuhifadhi wanyamapori. Unaweza kuupenda au kuuchukia uwindaji, lakini elki unaowaona kwenye picha za Montana wamelindwa kwa sehemu kwa pesa za watu wanaowala.

Lipo jambo moja la mwisho kabla hajatoka dukani, nalo ni la uhai. Jina .300 limebebwa na risasi nyingi: WSM, SAUM, RCM, Winchester Magnum, Weatherby, Savage na kadhalika. Baadhi huweza kuingia katika chemba isiyo yao, zikakaa ovyo ndani yake, na ganda likipasuka uso wa mpigaji uko sentimita chache kutoka kwa komeo. Watengenezaji wanajua hatari hii. Waliisogeza mabega ya 7mm WSM mbele kidogo makusudi ili isiweze kufungika ndani ya bunduki ya .270 WSM. Lakini si kila jozi iliyotengwa hivyo. Basi asiitegemee rangi ya pakiti wala kumbukumbu ya muuzaji. Ageuze ganda, asome maandishi madogo yaliyogongwa kuzunguka fataki, kisha asome yale yaliyochongwa ubavuni mwa mtutu, herufi kwa herufi. Na kule kambini, risasi za mwenzake zikiwa mezani karibu na zake, asome tena kila anapojaza magazini.